Kovu la Muhuri wa Pili

Nianze na mdogo wangu, kwa sababu mwenyewe hawezi kujianza. Ukimwuliza habari za asubuhi atatikisa kichwa, ukimwuliza za jioni ni vilevile. Mtaani wanamwita Kimya. Kwa mama yetu mdomo nilipewa mimi, yeye akapewa mikono, na mpaka leo hatujagombania mgawo huo.

Kimya ni mchonga mihuri. Kibanda chake cha mabati kimebanwa ubavuni mwa jengo la posta, upana wake ni meza moja na magoti yake mawili. Anakata kipande cha raba, anaandika maneno kinyumenyume, anachonga kwa wembe uliofungwa kwenye kijiti, kisha anaigandisha raba kwenye kichwa cha mbao. Vichwa vya mbao alikuwa akitengenezewa na baba yetu, seremala, mpaka baba alipofariki miaka miwili iliyopita. Siku hizi ananunua vya dukani na kila siku analalamika kwamba havikai mkononi. Kulalamika kwake ni kuguna.

Kuna mazoea yake ambayo lazima uyashike, maana yote yaliyotupata yamekaa hapo. Muhuri wowote akiumaliza, chapa ya kwanza haitoki nje. Anaigonga kwenye daftari lake kubwa, anaandika tarehe, na aliyekuja kuuchukua anatia sahihi pembeni. Kisha, kama ofisi ileile inarudi kutaka mwingine kwa sababu wa kwanza umechakaa, ule wa pili anautia kovu: mkato mdogo kwenye ukingo wa duara, chini upande wa kulia, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Wa tatu makovu mawili. Fundi aliyemfundisha alimwambia, "Ukizaa pacha, mmoja mfunge uzi mkononi." Wateja hawalioni kovu lile. Mimi mwenyewe nimempelekea chakula pale miaka nenda rudi na sikuwahi kuliona, nilijua tu kwamba lipo, nikawa nikimcheka kwamba anatia alama kama mtu anayeogopa kuibiwa mbuzi.

Mimi ni dobi. Nafulia uani kwa mama, naanika hukohuko. Nyumba iko kwenye kona, barabara mbili zinakutana mbele yake, na baba aliijenga chumba kimoja kimoja, milango na madirisha yote kazi ya mkono wake. Misumeno na nyundo zilimla sikio la kushoto, likawa halisikii kabisa, kwa hiyo mama alikuwa akikaa kulia kwake siku zote, mezani, barazani, hata wakitembea. Asiyewajua angesema ni mapenzi tu. Haya, na mapenzi yalikuwamo.

Mwezi wa pili mwaka huu ikaja barua kutoka ofisi ya mtaa. Mkuu wa ofisi hiyo tulikuwa tukimwita Bwana Kesho, maana ndilo neno alilolijua kuliko yote. Unataka barua ya utambulisho, njoo kesho. Unaandikisha mtoto, njoo kesho, kama vile mtoto atasubiri kukua. Mashati yake meupe nilikuwa nikiyapiga pasi mimi, kwa hiyo nilimjua kola kabla ya kumjua sura. Barua yake ilisema kwamba kiwanja chetu kilikabidhiwa ofisi, kwa hiari, na marehemu baba, kwa makubaliano ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, miaka mitatu nyuma, na kwamba mjane na wanawe wahame ndani ya miezi sita.

Wiki haijaisha, shemeji yake Bwana Kesho akaja na kamba ya kupimia. Akapima uani katikati ya mashuka niliyoanika, akaniuliza bomba la maji linapita upande gani, maana anataka kujenga ghala. Nilimjibu. Mama alinikanya baadaye kwa jibu nililompa, kwa hiyo sitalirudia.

Lakini kilichoniuma si kamba. Kilichoniuma ni kwamba mama aliiamini ile barua.

"Mwezi wa sita," alisema, barua ikiwa mapajani. "Mwezi wa sita alivaa shati la mistari akaenda ofisini mara mbili. Nikamwuliza unafuata nini. Akasema karatasi. Karatasi gani? Akasema karatasi tu, mke wangu. Kumbe ndiyo hii."

"Mama, baba hawezi kufanya hivyo."

"Unamjua wewe kuliko mimi niliyeishi naye miaka arobaini?"

Baba hakujua kusoma wala kuandika, alikuwa akiweka dole gumba pale anapoonyeshwa. Na alikuwa mtu wa siri za kijinga, wa kuficha maumivu mpaka yamwangushe. Mama akaitoa picha yake ukutani, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia sandukuni chini kabisa. Akaacha kwenda kaburini. Siku moja nilimsikia jikoni anachambua mchele huku anamtukana marehemu kwa sauti ndogo, "Uliniuza. Uliniuza na mlango wangu." Nyumba ingeondoka ningelia, kisha ningehamia kwingine, mashuka yanaanikika popote. Ila mama alikuwa anampoteza mumewe mara ya pili, na safari hii kwa aibu. Hasira ilinishika nikaiacha pasi ikae. Nilimuunguza Bwana Kesho shati mgongoni, umbo zima la pasi, nikalikunja vizuri nikampelekea. Huo ndio ukawa mwisho wa biashara yetu.

Basi nikaanza kwenda ofisini. Nilitaka kitu kimoja tu, nionyeshwe hayo makubaliano. Kuna benchi pale kwenye ukumbi, refu, limekaliwa mpaka rangi imehamia kwenye makalio ya watu. Nilikaa juu yake miezi mitano. Mara mkuu yuko kikaoni, mara ufunguo wa kabati amesafiri nao mtu, mara njoo kesho. Katibu muhtasi wake, binti mmoja mpole asiyeinua macho, alifundishwa sentensi moja tu, "Nyaraka za ofisi haziangaliwi na raia, dada." Nikamwuliza zinaangaliwa na nani, ng'ombe? Akarudia sentensi ileile, na wala si kosa lake. Unajua kinachochosha? Hawakukatai. Wangekukataa ungejua pa kwenda. Wanakuweka tu, kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, mpaka uoze mwenyewe.

Bwana Kesho alikosea Jumanne moja ya mwezi wa saba. Siku hiyo nilimwambia mbele ya watu kwamba sitoki, nitalala palepale. Akaniita ndani, akainuka, akafunga mlango apate kunifokea kwa nafasi. Sasa, mlango wa chumba chake huwa wazi siku zote, umelazwa ukutani. Ulipofungwa, ukuta uliokuwa nyuma yake ukaonekana, na ukutani pana bango la serikali, zuri, limefunikwa plastiki: Haki za Mwananchi Anapohudumiwa. Limetundikwa mahali ambapo halionekani mpaka mlango ufungwe, na mlango haufungwi isipokuwa kuna mtu anatukanwa. Hebu fikiria kwamba kuna mtu alisimama na nyundo na msumari akapachagua hapo.

Yeye anafoka, mimi nasoma. Haki ya nne ilisema mwananchi aonyeshwe waraka wowote unaomhusu na apewe nakala yake siku hiyohiyo. Nikaisoma kwa sauti. Akaniambia ninyamaze. Nikafungua mlango, nikalitoa bango kwenye msumari, nikaenda nalo ukumbini nikaisoma tena, na sauti yangu ni ya kuitia watu waanue nguo mvua ikija.

"Rudia hiyo ya nne, dada," mzee mmoja pale benchini akasema.

Nikarudia. Watu wakaanza kusogea. Bwana Kesho alinitazama, akawatazama wao, akamwambia katibu muhtasi wake anitolee nakala nimwondokee. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Miezi mitano, na kazi yenyewe ilimchukua yule binti muda wa kupiga chafya. Aliponipa karatasi aliinua macho kwa mara ya kwanza, akaniambia polepole, "Muhuri umetoka vizuri kwenye nakala, dada. Utazame." Wakati ule sikumwelewa.

Nilikwenda moja kwa moja kibandani kwa Kimya. Nilikuwa nabubujika, nasimulia bango, nasimulia msumari. Yeye aliilaza karatasi mezani, akaisoma kwa kidole. Dole gumba lilikuwa doa tu, la mtu yeyote. Kidole kikashuka mpaka kwenye muhuri, kikazunguka ukingo, kikasimama chini upande wa kulia.

Akavuta daftari lake. Akafungua ukurasa mmoja wa miaka minane nyuma, muhuri wa kwanza wa ofisi ya mtaa, duara safi. Kisha akafungua ukurasa wa mwaka huu, tarehe ishirini na moja mwezi wa kwanza. Maneno yaleyale, duara lilelile, na kovu. Pembeni pana sahihi ya yule katibu muhtasi, na ndani ya ukurasa imekunjwa barua ya ofisi iliyoomba muhuri mpya kwa sababu wa zamani umepasuka.

Yaani waraka wa miaka mitatu nyuma ulikuwa umegongwa kwa muhuri ambao una miezi sita tangu uchongwe. Baba alikuwa kaburini mwaka na nusu kabla muhuri ule haujawa muhuri.

Mimi nilitaka kucheka, kuruka, kwenda kumwita mama. Kimya aligeuza kiganja chake juu akakitazama. "Nimeuchonga mimi," alisema. "Kwa mkono huu. Nikawapa na asante." Ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyasikia kutoka kwake kwa pumzi moja. Akanikataza kumwambia mama. "Tukishindwa," akasema, na hakumalizia, lakini nilimwelewa. Mama angerudishiwa mumewe kisha anyang'anywe tena.

Kila mwisho wa mwezi huja afisa kutoka wilayani kusikiliza malalamiko, ukumbini palepale. Safari hiyo alikuja mama mmoja wa makamo, miwani puani, mwenye haraka. Mama yetu aliitwa kama mwenye nyumba. Akaja na mkoba wake wa karatasi, ule anaobeba kila anapoitwa na serikali, akakaa mwisho wa benchi akiangalia sakafu. Aliamini amekuja kusikia tena jinsi alivyouzwa.

Tulipoitwa, nilifungua mdomo. Kimya akanishika mkono, akasimama yeye. Wallahi watu waligeuka. Kuna wateja wake wa miaka kumi ambao hawajui sauti yake.

"Huu ni wa mwaka huu," alisema, akaweka kidole kwenye waraka. "Una kovu. Wa zamani haukuwa na kovu." Akafungua daftari mbele ya afisa, akakaa. Ndiyo hotuba yote.

Bwana Kesho alicheka. Akamweleza afisa kwamba muhuri ni muhuri, tena heri tumejileta wenyewe. "Mheshimiwa, unasikia? Huyu mtu anachonga mihuri ya serikali kibandani. Ndiye mghushi. Anaweza kuchonga anavyotaka na kuandika tarehe anayotaka kwenye daftari lake. Nashauri akamatwe sasa hivi." Na mgambo wawili waliokuwa mlangoni wakasogea kweli, mmoja akamshika Kimya bega. Hapo ndipo nilipomwelewa mtu huyu vizuri. Amekutwa na mkono mfukoni mwako, na bado anaita mwizi.

"Ana barua yenu ya kumwagiza, na sahihi ya katibu wako," nikamwambia. "Mkimkamata mumkamate na yeye, na aliyesaini barua. Ni nani aliyesaini barua?"

Alikuwa amesaini yeye. Afisa akaitazama ile barua, akamwuliza yule binti kama sahihi ya daftarini ni yake. Binti alilisogelea daftari. Akasema, "Ni yangu. Tarehe ni ileile niliyouchukua." Kisha afisa akataka faili za miaka mitatu nyuma alinganishe. Unajua aliambiwa nini? Ufunguo wa kabati amesafiri nao mtu.

Halafu yule mzee wa benchini, aliyeniambia nirudie haki ya nne, akatia mkono kwenye koti, akatoa barua ya utambulisho iliyokunjwa mara nane. "Mimi nina ya mwaka ule," akasema. Mwanamke mmoja akatoa kibali cha duka lake. Mwingine cheti cha mwanawe. Sisi wanyonge tunatunza karatasi, maana tunajua siku yoyote tutaambiwa hatupo. Zikapita mkono kwa mkono mpaka mezani, saba, nane, afisa akizilaza moja moja chini ya miwani. Duara safi, duara safi, duara safi. Hakuna yenye kovu.

Mimi nilikuwa nazitazama karatasi, kwa hiyo sikumwona mama akiinuka. Nilimwona akiwa tayari mezani, mkoba wazi, ameshika karatasi ya rangi ya chai.

"Na hii," alisema. "Sijui imeandikwa nini. Ilikuwa kati ya karatasi zake za hospitali."

Afisa akaisoma kwa sauti. Ilikuwa barua ya ofisi ya mtaa kumtambulisha baba hospitali kuu, apimwe kifua. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita, mwaka uleule. Siku mbili baada ya siku aliyodaiwa kutuuza. Muhuri wake haukuwa na kovu.

"Hiyo ndiyo karatasi," mama akasema. "Ndiyo aliyoifuata na shati la mistari. Alikuwa anaumwa." Akakaa palepale sakafuni, mbele ya meza ya serikali, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Utapenda kusikia kwamba Bwana Kesho alifungwa. Na mimi ningependa. Alihamishwa. Yuko ofisi nyingine, mtaa mwingine, na bila shaka ana mlango. Sisi tuliletewa barua ya mistari miwili, kwamba kutokana na kosa la kiofisi ilani ya kuhama imefutwa. Kosa la kiofisi. Kama vile kalamu ilidondoka kwa bahati mbaya ikaandika jina la baba yangu, ikachovya dole la mtu kwenye wino.

Mama aliposomewa hakufurahi. Alikwenda ofisini, akamwambia mkuu mpya, kijana mmoja mwenye adabu, "Mwanangu, nyumba nimeipata. Lakini mlinifanya nimtukane mume wangu miezi mitano, naye hana kosa. Nataka mumwandikie yeye. Mwombeni radhi, mgonge muhuri."

"Bibi," kijana akasema, "hakuna utaratibu wa kumwandikia marehemu."

"Kumwandikia kwamba ameuza, utaratibu mliupata."

Akaambiwa litaangaliwa. Na ninyi mnajua maana yake. Mama akawa anakwenda kila Jumanne, anakaa kwenye lile benchi, mkoba mapajani. Kwenda kaburini bado hakutaka. Alisema atakwenda na uso gani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo serikali haikulihesabu. Ule muhuri wenye kovu ulichukuliwa wilayani kama ushahidi, na wa zamani ulikuwa umepasuka. Ofisi ya mtaa haina muhuri, na ofisi isiyo na muhuri ni chumba chenye benchi tu. Barua hazitoki, vibali havitoki. Ikabidi mkuu mpya aende kibandani ubavuni mwa posta, na barua ya maombi mkononi, amwombe Kimya achonge wa tatu.

Kimya akauchonga. Makovu mawili. Siku ya kuuchukua, Jumanne moja, kijana alikuja mwenyewe. Kimya hakufungua daftari. Alinyoosha kiganja, akangoja.

"Nini tena, fundi?"

"Barua ya baba," Kimya akasema.

Kijana alikitazama kile kiganja. Sijui aliwaza nini. Labda aliwaza benchi lililojaa, labda ana baba. Akaomba kalamu. Akaandika palepale, juu ya meza ya kukatia raba, na chapa ya kwanza ya muhuri ule ikagongwa chini ya maandishi yake. Daftarini iliingia ya pili. Katika miaka yote ya kazi yake, ndiyo mara moja tu mdogo wangu amevunja mazoea.

Jumanne hiyo jioni mama aliifungua picha kutoka kitambaani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaitundika kwenye msumari wake. Akaniambia nisome. Nikasimama mbele ya picha nikaanza: "Kwa marehemu fundi seremala. Ofisi hii ilikuandikia jambo ambalo hukulifanya. Hukuuza nyumba yako. Tunaomba radhi kwako na kwa mkeo."

"Anza upya," mama akasema. "Umesimama kushoto kwake. Hasikii."

Nikahamia upande wa kulia, nikaanza upya.